Broila Hawako Sawa: Pa Kuangalia Kabla ya Kwenda Duka la Dawa

Mfugaji wa kuku wa nyama akiona jambo asilolielewa bandani, safari ya kwanza huwa ni ya dukani. Anaeleza dalili mbili tatu pale kaunta, anapewa pakiti ya unga wa kuchanganya kwenye maji, siku tatu zinapita na kuku wako vilevile. Matatizo mengi ya mabanda ya Dar es Salaam na Pwani hayamalizwi na pakiti ile. Yanatokana na joto, hewa, sakafu, maji au msongamano, na kuku huyaonyesha mwilini mwake muda mrefu kabla hayajaingia kwenye daftari la vifo. Ndiyo maana hapa tunaanza na kuku mwenyewe, kisha tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Jambo moja kwanza, maana likikosewa hili mengine yote yanapotoka: usipime afya ya kundi kwa kuku uliowakamata kirahisi. Wanaokamatika kirahisi ndio wabovu, wenye nguvu wanakukimbia. Chukua ubao au kipande cha wavu, zungushia kuku waliopo mahali fulani, kagua wote waliomo bila kuchagua, kisha hamia sehemu nyingine: karibu na mlango, katikati, kwenye vyombo vya maji, kona ya nyuma. Kwa banda la kuku 500, kuku 50 kutoka sehemu tano watakupa picha ya kweli. Kabla ya hapo simama mlangoni kimya dakika chache. Kuku wakishakusahau ndipo utaona wanavyoishi usipokuwepo.

Kuhusu vifo, wafugaji huuliza wangapi ni wengi. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2007 kuhusu kuku wa nyama, unamtaka anayefuga kwa msongamano wa juu kabisa asizidishe asilimia 1, ukiongeza asilimia 0.06 kwa kila siku ya umri. Kuku wa siku 35 hapo wanapata kikomo cha asilimia 3.1, yaani kuku 15 kati ya 500. Sheria hiyo haituhusu, lakini ni kipimo kizuri kuliko kile cha "mwezi uliopita walikufa zaidi".

Vifaranga wanalia na wamerundikana

Wakijazana chini ya jiko au taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni mwa bruda (eneo la kulelea vifaranga kwa joto) huku midomo iko wazi, wamezidiwa na joto. Wakikaa upande mmoja tu, kuna upepo unaoingia upande wa pili. Hayo kila mfugaji anayajua. Yanayosahaulika ni mawili.

La kwanza ni miguu. Mchukue kifaranga, gusisha nyayo zake shavuni mwako au shingoni. Zikiwa za baridi, kifaranga ana baridi hata kama kipimajoto ukutani kinasoma nyuzi 33, kwa sababu kipimajoto kinapima hewa ya juu na kifaranga anakanyaga sakafu. Sakafu ya saruji iliyomwagiwa pumba saa moja kabla vifaranga hawajafika bado ni jiwe la baridi. Washa joto siku moja kabla.

La pili ni gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Saa 24 baada ya vifaranga kuingia, papasa magole ya vifaranga kadhaa usiku. Kati ya 20, kumi na tisa wanapaswa kuwa na gole lililojaa na laini. Gole gumu maana yake amekula hakunywa. Gole tupu kwa wengi maana yake hawajapata njia ya chakula: vyombo vichache, mwanga hafifu, au baridi inayowazuia kutoka walipo. Wasipokula siku hiyo, wiki ya pili utaona kundi la saizi tatu tofauti na utalaumu aliyetotolesha.

Aliyetotolesha huwa ana kosa pale vifo vinapokuja siku tatu nne za mwanzo, na ukiwageuza waliokufa unakuta kitovu kibichi chenye harufu. Hapo piga picha, andika idadi, mpigie aliyekuuzia siku hiyohiyo.

Kuna vifo vingine vya usiku ambavyo havina dalili kabisa: jana walikuwa wazima, asubuhi wamelala chali kando ya jiko, na ukimpasua damu ni nyekundu angavu isiyo ya kawaida. Hiyo ni hewa ya mkaa. Mfugaji amefunga mapazia ya viroba pande zote ili joto lisitoke, na gesi nayo haikutoka. Acha nafasi ya hewa juu ya mapazia, na mkaa ushike moto nje kabla hujaingiza jiko.

Wanahema, mabawa yameachana na mwili

Kuku hatoi jasho. Njia yake ya kupoa ni kuhema kwa mdomo wazi na kuachanisha mabawa ili upepo upite. Kwa hiyo dalili hii kati ya Desemba na Machi, saa nane mchana, kwa kundi zima, ni joto na si mafua. Tofauti iko kwenye saa: joto hupungua jioni na kuku wakatulia. Ukiwakuta wanahema saa kumi na mbili asubuhi, au wachache tu ndio wanahema, au unasikia mkoromo ukizima redio na kutega sikio, hapo una ugonjwa wa njia ya hewa, na mwite mtaalamu wa mifugo.

Kama ni joto, fanya hesabu ya msongamano kabla ya kununua chochote. Banda la mita 5 kwa 10 ni mita za mraba 50. Kuku 500 humo, kila mmoja kilo 1.8, ni kilo 18 kwa mita. Ukiweka 900 unafika kilo 32 na ushee. Maelekezo yale ya Ulaya yanaweka kikomo cha kawaida kilo 33, na anayevuka hapo anatakiwa awe na mitambo ya hewa inayozuia joto la ndani kupita la nje kwa zaidi ya nyuzi 3, nje kunapozidi nyuzi 30 kivulini. Wewe una bati, wavu na upepo wa Mungu. Kuku kumi kwa mita ya mraba si woga.

Kisha maji. Tangi jeusi juu ya paa saa saba mchana linatoa maji ya kuogea, na kuku mwenye joto hanywi maji ya moto. Lifunike au lishushe kivulini, na mwaga maji yaliyolala kwenye bomba mara kadhaa mchana. Chakula kiondoe kuanzia saa nne hivi asubuhi, kirudi saa kumi jioni, kwa sababu kusaga chakula kunazalisha joto mwilini saa ileile ambayo kuku anashindwa kulitoa. Ukikirudisha, rudisha kwenye vyombo vya kutosha, wasipandane.

Kumwagia maji ndani ya banda lisilo na upepo ni kosa linalofanywa kwa nia njema. Kuku anapoa kwa kuvukiza maji kooni. Hewa ikishajaa unyevu, kama ilivyo Dar yenyewe bila msaada wako, kuhema hakumsaidii. Mwagia bati kwa nje. Ndani, leta upepo.

Macho yanafumba, banda linawasha

Pua ya mfugaji si kipimo, imeshazoea. Toka nje, kaa dakika kumi, rudi, kisha chuchumaa hadi kichwa chako kiwe usawa wa kuku. Kama macho yanakuwasha hapo chini, amonia imeshapita kiwango. Ulaya kikomo ni sehemu 20 kwa milioni, inayopimwa usawa wa kichwa cha kuku na si cha mkaguzi.

Kwa kuku wenyewe tazama bega. Kuku anayewashwa macho huyafuta kwa bawa, kwa hiyo utaona manyoya ya begani yamelowa na kushikamana wakati sehemu nyingine ni safi. Hiyo haitokani na uchafu wa sakafu. Baadaye jicho linafumba, na kuku asiyeona hawezi kula. Matone ya macho hayatasaidia kitu wakati chanzo kiko sakafuni, na hapo ndipo tunaposhuka.

Nyayo nyeusi

Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu unyayo unatunza kumbukumbu ya sakafu ya wiki nzima hata kama mwenye banda alimwaga maranda mapya leo asubuhi kwa ajili ya mgeni.

Mshike kuku, mgeuze, futa unyayo kwa kitambaa chenye maji. Uchafu utatoka. Kidonda hakitoki: utaona doa jeusi au la kahawia katikati ya unyayo, limeshikilia ngozi, wakati mwingine pembeni pamevimba. Doa dogo la juujuu ni onyo. Gamba nene linalofunika sehemu kubwa ya unyayo ni kidonda kirefu, na kuku huyo anaumia kila hatua. Kisha nenda juu kidogo, kwenye kifundo cha nyuma, na umalizie na kidari. Unyayo peke yake ukiwa na vidonda, shida ni unyevu wa matandazo, yale maranda au pumba za sakafuni. Kifundo na kidari vikiwa navyo, kuku wamekuwa wakikaa muda mrefu kwenye unyevu huo, na swali jipya linakuja: kwa nini hawasimami? Hilo liko sehemu inayofuata.

Unyevu wenyewe upime kwa mkono. Chota matandazo, bana. Yakishikamana kidogo na kuvunjika ukiachia, yako sawa. Yakibaki donge, yamelowa. Yakipeperuka vumbi, yamekauka kupita kiasi. Pima sehemu mbalimbali, kwa sababu mahali palipolowa ndipo penye jibu:

Palipolowa ni kuzunguka vyombo vya maji tu: chombo kiko chini mno au kinavuja. Mdomo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku, na upandishe kila wiki maana kuku wa nyama hakungoji. Palipolowa ni kando ya ukuta: mvua ya masika inapiga, paa limekatika fupi, au maji yanapanda kutoka nje. Pamelowa kila mahali: ama hewa haipiti, ama wamejaa, ama wanahara.

Wakihara, tazama kinyesi kabla hujasema lolote. Chenye damu au rangi ya ugoro mwekundu, kuanzia wiki ya tatu, kuku wamejikunyata na manyoya yamesimama, hicho ni kuhara damu, na hapo dawa ina kazi yake, kwa kipimo cha mtaalamu na kwa kuheshimu siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Chenye majimaji meupe, mkundu umechafuka, kuku wanatetemeka na vifo vinapanda ghafla ndani ya siku chache kisha kushuka, fikiria ugonjwa wa virusi wa Gumboro na uliza chanjo ilitolewaje. Chanjo iliyochanganywa na maji ya bomba yenye klorini ni maji tu.

Kinyesi kikiwa na maji mengi lakini kuku wachangamfu, wanakula, hawajikunyati: tazama chakula. Anayechanganya mwenyewe kwa kutumia dagaa hujikuta ameweka chumvi mara mbili, ile ya kwenye dagaa na ile ya kwenye fomula. Kuku wanakunywa mno, wanakojoa mno kwa namna yao, sakafu inalowa. Daftari la maji litakuonyesha: siku isiyo ya joto kali, kuku hunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa kila kilo moja ya chakula. Ikifika tatu na hakuna jua kali wala bomba linalovuja, rudi kwenye gunia.

Gamba gumu la matandazo lisifunikwe kwa maranda mapya. Likate kwa beleshi, litoe nje, ndipo uongeze makavu. Nyayo za kuku wadogo hupona sakafu ikikauka mapema. Wiki ya tano umechelewa.

Wanatembea vibaya, au hawatembei

Kuku wa nyama mzima wa wiki ya sita hulala karibu robo tatu ya muda wake. Kulala si ugonjwa. Swali ni anavyoinuka ukimkaribia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walitengeneza kipimo cha mwendo cha 0 hadi 5 ambacho bado kinatumika, na hakihitaji kifaa. Alama 0 anatembea sawa, vidole vinajikunja akiinua mguu. Alama 1 kuna kitu, lakini huwezi kukitaja. Alama 2 unakitaja: anayumba, au mguu mmoja mzito. Alama 3 tatizo limeshampunguzia mwendo, na akipata nafasi anakaa. Alama 4 anapiga hatua chache ukimsukuma tu, kisha anaanguka. Alama 5 hawezi.

Mpaka uko kwenye 3. Mwaka 2000 watafiti wa chuo hichohicho waliwawekea kuku chakula cha aina mbili, kimojawapo kimetiwa dawa ya maumivu iitwayo karprofeni. Wanaochechemea walikula zaidi kile chenye dawa, na kadiri mguu ulivyokuwa mbaya ndivyo walivyoongeza. Kwa hiyo yule anayesema "hao wazito tu, wanono" ajue kuku wenyewe walishajibu.

Sasa chanzo. Anza na umri na idadi. Wengi kwa pamoja, wiki ya pili au ya tatu: chakula. Bana mdomo wa kuku kwa vidole. Ukipinda kama mpira, mifupa haijakomaa, kuna upungufu wa vitamini D, kalsiamu au fosforasi, au uwiano wake umevurugika. Vidole vimejikunja kwa ndani na kuku anatembelea kifundo: vitamini B2. Gunia lililokaa stoo miezi, au la mchanganyaji anayepima kwa kopo, ndilo la kushukiwa. Badilisha chakula kwanza. Vitamini ya kwenye maji inasaidia wakati unabadilisha, haiwezi kuwa mbadala.

Wachache wachache kila siku, kuanzia wiki ya nne, wengi wakiwa ndio wakubwa: ukuaji umekimbia kuliko mifupa, na mara nyingi bakteria wameingia kwenye kichwa cha fupa la paja. Chukua aliyekufa karibuni, ng'oa paja. Fupa zima lina kichwa cheupe, laini, kinachong'aa. Likitoka limemeguka, kichwa kimebaki ndani, au ni la njano na linapondeka, umepata jibu. Kifundo kilichovimba na cha moto kwa kuku hai kinasema hayohayo. Kwa kundi lililopo, punguza mwendo wa ukuaji: giza usiku, chakula kisiwe mbele yao muda wote. Kwa kundi lijalo, sakafu kavu na joto zuri la wiki ya kwanza.

Mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, amelala ubavu, huku wengine wana shingo iliyopinda na kinyesi cha kijani: usiendelee kupapasa miguu, hiyo inaweza kuwa kideri. Funga banda, usiuze hata mmoja, mwite daktari wa mifugo.

Aliyefika alama 4 au 5 hafiki kwenye maji. Kumwacha "aone kama atapona" ni kumwua kwa kiu. Amalizwe siku hiyo, na mtu anayejua kuvunja shingo kwa mara moja.

Anakufa mnono, ghafla

Jogoo mkubwa, amelala chali, gole limejaa, hana alama: moyo umesimama. Mmoja mmoja hutokea kwenye kila kundi linalokua haraka. Wakianza kuwa wengi, taa ya usiku kucha na chakula kisichokatika ndivyo vya kwanza kupunguzwa.

Tofautisha na huyu: kilemba cha bluu, tumbo limejaa, ukilipasua yanatoka maji ya njano na ute unaoganda. Moyo na mapafu vimeshindwa kuuhudumia mwili. Njombe, Makete, Mbeya, ambako kuna baridi na hewa nyepesi ya mwinuko, hii ni ya kuitarajia. Ufukweni ukiiona kwa wingi, uliza kuhusu baridi na moshi wa wiki mbili za kwanza, na mahindi. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na sumukuvu inaanza na ini.

Mikwaruzo mgongoni na mapajani

Mara chache hutokana na kudonoana. Ni kucha za mwenzake aliyempanda juu. Hutokea vyombo vinapokuwa vichache, chakula kinaporudishwa baada ya njaa ndefu, au umeme unapokatika. Hili la mwisho linahitaji neno. Kuku waliolelewa na taa saa 24 hawajui giza. Siku umeme ukikatika wanakimbilia kona moja na asubuhi unaokota waliobanwa. Wazoeshe giza kuanzia wiki ya kwanza, saa moja, kisha ongeza. Ulaya wanataka saa 6 za giza kwa siku, 4 kati yake mfululizo. Hawatadumaa: wanalala, miguu inapumzika, na asubuhi wanakula.

Mnunuzi analalamika nyama ina michubuko

Hapa rangi inahukumu. Mchubuko mwekundu ni wa saa hizohizo: ukamataji, tenga, au machinjioni. Zambarau iliyoiva ni wa jana usiku. Wenye kijani una zaidi ya siku moja, kwa hiyo ulitokea bandani kwako kabla mnunuzi hajafika, na usibishane naye. Kagua vyombo, milango na anayelisha.

Mwingi ukiwa mwekundu, tazama wakamataji. Kuku akishikwa bawa moja, bawa linavunjika. Akibebwa mguu mmoja, nyonga inachomoka, na ile damu ya ndani ya paja ndiyo mnunuzi anayoiona. Wakamate usiku au alfajiri, mwanga hafifu, mikono miwili juu ya mabawa, moja kwa moja kwenye tenga lisilo na misumari. Chakula kiondolewe kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kabla ya kuchinja, maji yabaki hadi wanapokamatwa. Na wale wanaofungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye bodaboda kutoka Chanika hadi mjini: mbali na nyama inayoharibika, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, na usafirishaji umo ndani yake. Mweleze mwenye bodaboda aje na tenga, au asije.